Njia Niliyoifuta

Oloipiri, Loliondo
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Paskalina,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kama umesimama, tafadhali tafuta kiti kwanza. Hujambo mama? Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Mahindi ya shamba la juu yameshabeba, au ngedere wamekutangulia tena? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Nayauliza haya kwa sababu nataka kweli kuyajua. Lakini pia nayauliza kwa sababu naogopa kufika kwenye lile lililonikalisha hapa. Tangu Ijumaa nimeianza barua hii mara nne, na mara nne nimeamka, nimezunguka nyumba ya Veronika, nimerudi na kuikuta karatasi ikinisubiri.

Mimi bado nipo. Moyo unafanya kazi yake kwa kusitasita, na miguu imevimba hata viatu vya kanisani havinitoshi tena. Leo nimekwenda misa na ndala. Veronika hunipima kila asubuhi kabla hajaenda zahanati, na siku hizi haniambii tena namba anazozisoma. Wiki iliyopita nilimwambia, "Mama, nijibu kama muuguzi, si kama binti yangu."

Akakunja ule mpira wa kupimia polepole. "Baba, kama kuna jambo hujalimaliza, limalize."

Kisha akaingia jikoni kugombana na masufuria ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Huku ni kuzuri, nisiwasingizie watu. Wananiita Mwalimu, wananiletea maziwa. Kimaasai changu ni cha salamu tu. Salamu zikiisha tunabaki tunatazamana na kucheka. Lakini sina cha kufanya, Paskalina. Sina shamba, sina darasa, sina wa kubishana naye. Nakaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, naamka, nakaa tena. Na kila nikikaa, Daudi anakuja.

Naam, ni habari ya mwanao. Sasa nimeshalitaja jina, nitaendelea.

Mengine ya haya unayajua, lakini niache niyaseme kwa mpangilio wangu, maana nusu yake unaijua kwa namna niliyotaka mimi uijue.

Unakumbuka jinsi nilivyopata kazi baada ya kustaafu. Ile kampuni ya vifurushi ilipofungua ofisi Karatu, ilikuja na mashine yake, ile wanayoiita redioni akili mnemba. Vijana wa ofisini waliiita mfumo, basi. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza mwendesha pikipiki hadi mlangoni kwa mteja. Mjini kwenye barabara zenye majina hilo si gumu. Lakini wewe ukiagiza mzigo kutoka Arusha utasema unakaa wapi? Utapiga simu useme, "Ukipita kigango, shuka pale lori lilipoanguka, nyumba yenye bati jipya." Mashine ilisikiliza sauti za watu kama hizo siku nzima, ikajaribu kuelewa, ikashindwa. Ndipo wakatafuta mtu mzima anayejua kila kona ya wilaya, akae nayo aifundishe. Wakamkuta mwalimu wa jiografia, mstaafu, mwenye maneno mengi.

Nilifurahi kupita kiasi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha watoto kuchora mito ya nchi za mbali, na sasa nilipewa kuichora nchi yetu wenyewe. Asubuhi nilivaa koti. Happy, yule binti wa ofisini, alinifungulia kompyuta, nikasikiliza zile sauti na kuweka alama: hapa ndipo kwa mchungaji wa zamani, hapa ndipo kwenye mgunga. Mgunga wenyewe ulikatwa zamani, na lile lori liliondolewa kabla Happy hajazaliwa, lakini sisi ndivyo tunavyoelekezana, kwa vitu ambavyo havipo tena na kila mtu anajua vilikuwa wapi. Siku za mwanzo mashine iliwatuma waendesha pikipiki kwenda kuutafuta huo mti. Walirudi wamekasirika.

"Mwalimu," Daudi aliniambia mbele ya wenzake, "huyu mwanafunzi wako mpya ni mbumbumbu kuliko mimi nilivyokuwa."

"Haiwezekani," nikamjibu. "Wewe rekodi yako haijavunjwa."

Walicheka mpaka mama muuza kahawa akatoka kuangalia kuna nini. Daudi alikuwa mwendeshaji bora waliyekuwa naye. Nasema hivyo sasa kwa kuwa sikusema siku iliyotakiwa.

Masharti ya kazi yalikuwa kwamba kila njia ninayoiweka niwe nimeifikia na kuiona kwa macho yangu. Walinipa mtu wa kunibeba kwa pikipiki. Mwanzoni nilikwenda. Baadaye goti na mgongo vikakataa, na nikaona aibu kusema. Nikaanza kuziweka njia nikiwa nimekaa kwenye kiti, kutoka kichwani, kisha naandika kwamba nimefika. Nyingi zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniharibu, kwamba nyingi zilikuwa sahihi.

Kati ya hizo niliweka ile njia ya mkato inayovuka korongo nyuma ya kigango. Unaikumbuka. Ndiyo tuliyopita wewe na mimi tukienda shule, wewe ukilia kwa sababu ya miiba. Enzi hizo korongo lile mtoto aliliruka. Mashine iliniuliza swali moja tu: njia inapitika? Haikuuliza inapitika lini. Na mimi, mwalimu niliyewaeleza watoto habari za mmomonyoko wa udongo kwa chaki za rangi, sikujiuliza korongo lile lingekuwa limekula ardhi kiasi gani tangu nilipolivuka mara ya mwisho. Nikajibu: inapitika.

Nimeamka kidogo. Nimekunywa maji. Naendelea.

Unaikumbuka siku ya mzigo wa vitambaa vya sare za kwaya. Kwaya ilikuwa imesubiri vitambaa vile kwa ajili ya jubilei ya parokia, wewe mwenyewe uliwapima kinamama wote kwa kamba. Ulikuwa mwezi wa masika na mvua ilikuwa imenyesha juu milimani tangu asubuhi, ingawa hapo kwetu Endabash palikuwa pakavu. Daudi alipakia mzigo Karatu, mashine ikampa njia. Ilipofika saa nane mchana akawa ukingoni mwa korongo. Alinieleza mwenyewe nilipomtembelea hospitalini, mkono ukiwa umefungwa.

"Nilisimama, Mjomba. Nikaona hapafanani na njia. Simu ikasema endelea mbele. Nikasema moyoni, hii mashine imefundishwa na Mjomba, Mjomba hawezi kukosea hapa kwetu. Nikashuka."

Alipofika katikati, maji yalitoka juu. Yalichukua pikipiki na mzigo, yeye akabaki ameshikilia mzizi kwa mkono mmoja mzima.

Hayo aliyasema ofisini, aliyasema kwako, aliyasema kanisani. Simu ndiyo iliyomwelekeza. Na hakuna aliyemwamini. Sasa nikuambie kwa nini.

Habari za ajali zilifika ofisini alasiri ile ile, kwa simu ya mwenzake. Happy alitoka mbio kutafuta gari. Nikabaki peke yangu na kompyuta. Nikaifungua ramani, nikaitafuta njia ile, nikaifuta. Nilijiambia naifuta ili mwingine asipite akafa. Na ni kweli, ilibidi ifutwe. Lakini ilinipasa kwanza kuwaita watu niseme, tazameni, hii hapa, niliiweka mimi, sikuwahi kufika. Sikumwita mtu. Nilifuta, nikazima kompyuta, nikavaa koti langu.

Meneja alipokuja kutoka Arusha akafungua ramani akamwambia Daudi mbele yetu sote, "Mfumo wetu hauna njia hiyo. Umetoka barabarani mwenyewe. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Daudi aligeuka akanitazama. Hakunituhumu, Paskalina. Aliniomba msaada kwa macho, kama mtoto aliyesahau jibu ubaoni. Nikatazama dirishani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wakamwachisha kazi. Kwaya ikaimba jubilei kila mtu na nguo zake. Kisha mtu akasema ameona vitambaa vya rangi ile ile vikiuzwa mnadani, na ikawa basi: Daudi aliuza nguo za kanisa, akasukumia pikipiki korongoni kuficha. Vitambaa vya rangi ile huuzwa kila mnada. Lakini nani alitaka kulifikiria hilo?

Wewe ulitaka. Ndiyo maana ulikuja kwangu. Ulikaa kibarazani, hukukubali hata chai. Maneno yako nayajua yote.

"Kaka, watu wananiambia mengi. Mimi nitaamini la kwako, maana hujawahi kunidanganya. Ile njia ipo kwenye mashine?"

"Haipo, Paskalina."

"Umeangalia mwenyewe?"

"Nimeangalia mwenyewe. Haipo."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusema maishani. Ulinishukuru. Uliinuka ukaenda moja kwa moja nyumbani ukamwambia mwanao asikanyage kwako mpaka aungame mbele ya kanisa. Naye, kwa kuwa hakuwa na la kuungama, hakuungama. Akamchukua mkewe na watoto wakahamia Mang'ola kufungulia watu maji kwenye mashamba ya vitunguu kwa mkono ule ulioungwa vibaya. Huu ni mwaka wa tatu. Nasikia amepata mtoto mwingine na hujamwona.

Paskalina, mwanao alisema kweli. Tangu siku ya kwanza alisema kweli, neno kwa neno. Mwongo nilikuwa mimi.

Utaniuliza kwa nini leo, na kwa nini si mwaka ule. Mwaka ule nilikuwa Mwalimu. Nusu ya wilaya imepita mikononi mwangu, pamoja na katekista na mwenyekiti wa kijiji. Sikuweza kuwaza nikisimama mbele yao niseme nilidanganya kazini na nikamwacha mtoto wa dada yangu abebe mzigo wangu. Kisha mke wangu akafariki, watu wakanionea huruma, na huruma nayo ni mahali pazuri pa kujificha. Veronika aliponiambia nije kukaa naye huku, nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Alidhani nimemkumbuka. Nilikuwa nakimbia ili nisikutane na wewe kila Jumapili.

Wiki mbili zilizopita uvungu nilimojificha ulifunuliwa. Kampuni ile imefika hata huku. Kijana mmoja, Lemayian, hutuletea mizigo kwa pikipiki kutoka Wasso. Alikuja na miwani yangu mipya ambayo Veronika aliniagizia. Simu yake inaning'inia kifuani, inaongea kwa sauti ya mwanamke, Kiswahili safi. Ikasema, "Umefika. Mpokeaji yuko upande wako wa kulia."

Upande wake wa kulia alikuwapo mbuzi.

"Mpokeaji ni mimi," nikamwambia. "Huyo ni wa jirani, na hasomi."

Alicheka, akaketi tukanywa chai. Nikamwuliza kama anaiamini hiyo sauti.

"Babu, naiamini kama ninavyomwamini shemeji yangu. Namsikiliza vizuri, halafu nakwenda kumwuliza mama yeyote mwenye ng'ombe." Akapuliza chai yake. "Lakini ukipata tatizo usithubutu kuisingizia simu. Karatu kwenye mafunzo, siku ya kwanza kabisa, wanakuambia habari za Daudi."

"Daudi ni nani?"

Nilisema hivyo, Paskalina. Mimi, mjomba wake niliyempa jina.

"Alikuwa dereva huko kwenu, aliuza mzigo wa kanisa akasema simu imempeleka mtoni. Mashine ikamuumbua. Siku hizi dereva akichelewa akaleta visingizio, tunamwambia, wewe, acha udaudi."

Akacheka tena. Na mimi nikatabasamu ili asione kitu. Alipoondoka sikuweza kukaa. Nilitembea mpaka kwenye boma la jirani na kurudi, mpaka Veronika akanifuata na fimbo yangu akiniuliza nimepotelewa na nini.

Nilikwenda kwa padre alipopita huku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Mungu hana haraka ya kunihukumu, ila kuna mtu ambaye sijamrudishia jina lake, na hilo yeye padre hawezi kulirudisha kwa niaba yangu. Akaniuliza nina nguvu za kuandika. Nikasema zimebaki kidogo.

Basi nilipanda kilimani penye mtandao, nikipumzika kila hatua chache, nikampigia Happy.

"Mwalimu! Bado uko hai?"

"Kidogo. Happy, niambie, mtu akifuta njia kwenye mfumo, inapotea kabisa?"

"Inapotea machoni tu. Chini huku inabaki. Nani aliiweka, nani aliitoa, siku gani, saa ngapi. Mfumo hausahau kitu."

"Na meneja alipokuja kwa ile kesi ya Daudi, hakuangalia huko chini?"

"Aliangalia ramani kama ilivyokuwa siku aliyokuja. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje kabla ya hapo. Unataka nitafute nini, Mwalimu?"

"Tafuta jina langu."

Nilisikia vidole vyake vikigonga. Hatimaye akasema polepole, "Mimi ndiye ninayewafundisha wale madereva wapya. Mimi ndiye ninayewasimulia."

Nilisema tu, "Najua. Nisamehe na wewe."

Alinitumia karatasi, nimeiambatanisha hapa, uisome na umpe katekista aisome. Mstari wa kwanza unasema njia imewekwa na mimi, imethibitishwa kwa macho. Mstari wa pili unasema njia imetolewa na mimi, siku ya ajali, saa tisa na dakika kumi alasiri. Daudi alikuwa bado ndani ya tope. Nimeiandikia kampuni pia maelezo kamili yenye sahihi yangu. Watafanya nini sijui. Happy ameniahidi lile neno halitasemwa tena ofisini akiwepo yeye.

Fikiria, Paskalina. Miaka yote hii ushahidi ulikuwa umekaa pale ofisini, ndani ya mashine ambayo watu wote walisema haidanganyi. Ni kweli haikudanganya. Ilingoja mtu mmoja tu aiulize, na aliyejua swali ni mimi.

Barua hii isomwe kwenye jumuiya, yote, bila kuruka mahali. Isomwe nikiwa hai, ili mwenye la kunijibu anijibu. Sitaki mtu aseme marehemu alikuwa mgonjwa, hakujua aandikalo. Kichwa changu ni kizima. Kama kwaya itataka kunikasirikia, ni haki yao. Kama wewe hutaki kuniita kaka tena, nitaelewa, na sitamtuma Veronika kuja kukubembeleza.

Sikuombi unisamehe sasa. Kuna jambo la haraka kuliko hilo, nalo ndilo linalonifanya niandike leo. Nimeandika barua mbili. Ya pili ni ya Daudi, ina haya haya, na karatasi kama hii. Lemayian anazichukua zote kesho. Mashine yao humwuliza mtumaji anataka mzigo ufike siku gani, nami nimechagua: yako ifike Alhamisi asubuhi, ya Daudi ifike Mang'ola Ijumaa mchana. Nimempigia Happy, amenihakikishia zote mbili zitapitia darajani, si korongoni.

Kwa hiyo una siku moja. Ijumaa mchana Daudi atajua kwamba mama yake anajua. Kama hutakuwa umefika, ataisoma karatasi yangu kisha ataangalia njia, na kila saa itakayopita utakuwa ni wewe unayemwacha asubiri, si mimi tena. Nilikunyang'anya mwanao kwa neno moja kibarazani. Sina uwezo wa kumrudisha, nimeweza tu kukupa hiyo siku moja ili alisikie kwa mdomo wako kabla hajalisoma kwa mkono wangu. Gari za Mang'ola huondoka Karatu mapema mchana. Weka barua chini, dada. Chukua kitenge chako. Salamu zilizo hapa chini zisome garini.

Msalimie mkweo Elisabeti, ambaye watu walimshauri amwache mumewe na hakumwacha. Wasalimie wajukuu wako, na yule mdogo ambaye hujamjua jina, ukishalijua nitumie. Msalimie katekista, mwanafunzi wangu wa zamani, mwambie asome kwa sauti kubwa kama nilivyomfundisha. Wasalimie kinamama wa kwaya wa sauti ya pili. Veronika, binti yangu, anakusalimu shangazi yake. Nimemsomea barua yote hii, amekwenda kuitafutia bahasha.

Daudi ukimfikia, usinitaje kwanza. Anza na yake.

Kaka yako,
Bonifasi